Pumzi na Daftari: Akina Mama Manusura wa Rwanda na Historia ya Kutibu Kiwewe

Historia ya kuwatibu kwa mazoezi ya mwili na kwa maandishi akina mama walioumizwa na vita huelezwa mara nyingi kama historia ya mbinu, yaani nani alibuni zoezi lipi, katika chuo gani na mwaka upi, kana kwamba mbinu hizo zilisafiri zenyewe hadi kwa mgonjwa na kumponya. Nchini Rwanda, ambako mbinu hizo zilifika miaka kadhaa baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mambo hayakwenda hivyo. Wajane walikusanyika kwanza, wakatafuta mabaki ya watu wao na kuyazika, wakagawana yatima wa kuwalea, na ni juu ya msingi huo ndipo yoga na daftari vilipopata pa kusimama. Insha hii inaufuatilia mfuatano huo, kwa kuwa bila ya kuuelewa ni rahisi kudhani kwamba mkeka na kalamu vinatosha kumrudishia mama uhai wake.

Mauaji hayo yaliyoanza tarehe 7 Aprili 1994 yaliendelea kwa takribani siku mia moja, na idadi ya waliouawa inakadiriwa na Umoja wa Mataifa kuwa watu 800,000, huku Serikali ya Rwanda ikitaja zaidi ya milioni moja. René Degni-Ségui, mtaalamu aliyeteuliwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza hali ya haki za binadamu nchini humo, alikadiria katika ripoti yake ya Januari 1996 kwamba waliobakwa walikuwa kati ya 250,000 na 500,000. Ubakaji huo ulikuwa silaha sawa na panga, kwani uliamriwa, ulitangazwa na kufanywa hadharani ili kuivunja jamii nzima kupitia miili ya wanawake wake. Kwa mama aliyebaki hai madhara yalirundikana juu ya mtu mmoja: mume na watoto waliuawa, nyumba ilibomolewa, mwili ulijeruhiwa, wengi waliambukizwa virusi vya Ukimwi, na wengine wakajikuta na mimba za watu waliowaua ndugu zao. Ofisi ya taifa ya idadi ya watu ilikadiria kwamba watoto kati ya 2,000 na 5,000 walizaliwa kwa njia hiyo, na mashirika ya manusura yameamini daima kwamba hesabu halisi ni kubwa zaidi, kwa sababu akina mama wengi walificha.

Wanyarwanda walikuwa na taratibu zao za kubeba msiba. Jamaa walikaa matanga, yanayoitwa ikiriyo, wakaingia katika kwirabura, yaani kipindi cha maombolezo ambamo shughuli kadhaa za maisha ya kawaida zilisimamishwa, kisha wakayafunga maombolezo hayo kwa kwera, sherehe iliyowarudisha wafiwa katika maisha ya kila siku. Taratibu hizo zilihitaji maiti ya kuzikwa, wazee wa kuziongoza na majirani wa kukaa pamoja na wafiwa. Mwaka 1994 maiti zilitupwa mitoni na katika mashimo ya vyoo, wazee waliuawa pamoja na wajukuu wao, na mara nyingi jirani ndiye aliyekuwa ameshika panga. Mama aliyefiwa hakuwa na kaburi wala mwenzake wa kukaa naye matangani, hivyo msiba wake haukuwa na mahali pa kuanzia, seuze pa kuishia.

Tiba ya hospitali nayo ilikuwa imeporomoka. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, karibu na Kigali, iligeuzwa machinjio Aprili 1994, pale wagonjwa na watu waliokimbilia humo walipouawa, na baada ya mauaji nchi nzima ilibaki na daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili, Naasson Munyandamutsa, aliyerejea kutoka Uswisi alikopata mafunzo yake. Mwaka 1995 kilifunguliwa Kigali kituo cha taifa cha kushughulikia kiwewe kwa msaada wa UNICEF, na walimu, wauguzi na viongozi wa dini wakapewa mafunzo mafupi ya kuwatambua walioathirika. Kiwewe kwa maana ya kitabibu ni jeraha la nafsi linalotokana na tukio la kutisha kupita uwezo wa mtu kulistahimili, ambalo humfanya aliishi tena tukio hilo katika ndoto na katika fikra za ghafla, akwepe kila kinachomkumbusha, na akae katika tahadhari hata pasipo na hatari. Wanyarwanda waliyaita mashambulizi ya hali hiyo ihahamuka: pumzi hukatika, moyo huenda mbio, mtu hupiga mayowe au kukimbia akiwaona tena waliomshambulia. Mashambulizi hayo huongezeka wakati wa Kwibuka, yaani maombolezo ya kitaifa ya kila Aprili, na yanawapata pia watu ambao mwaka 1994 walikuwa watoto wadogo.

Katika hali hiyo ya kukosa madaktari ndipo akina mama walipoanza kutibiana. Desemba 1994, Godelieve Mukasarasi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika eneo la Taba, alianzisha SEVOTA, chama cha wajane na yatima kilichojengwa juu ya shughuli za pamoja za kujipatia kipato na juu ya mikutano ya kusikilizana. Januari 1995 wajane 50 waliunda AVEGA, chama cha wajane wa mauaji ya Aprili, ambacho baadaye kiliongeza katika jina lake neno Agahozo, linaloashiria kufutwa machozi. Wanachama hawakukutana ili kupata tiba. Walikutana kwa sababu kila mmoja alihitaji paa, mbegu, karo ya shule na mtu wa kumsindikiza kutafuta mifupa ya watoto wake, na katika kuyashughulikia hayo waligundua kwamba yupo mwingine anayeweza kuisikia habari yao mpaka mwisho bila ya kuikanusha wala kugeuza uso. Esther Mujawayo, mwanasosholojia aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa AVEGA na aliyenusurika pamoja na binti zake watatu baada ya mumewe kuuawa, alijifunza baadaye tiba ya nafsi nchini Uingereza, na kazi yake yote ya kitaalamu ilitokana na uzoefu wa mikutano hiyo ya wajane. Kwake yeye ujuzi wa chuo ulikuja kuthibitisha jambo ambalo wanawake walikuwa wameshalitenda.

Ni kutoka Taba pia ambako neno la mama lilibadilisha sheria ya dunia. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 na kuwekwa Arusha, Tanzania, ilianza Januari 1997 kusikiliza kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa eneo hilo la Taba, na hati ya mashtaka haikutaja ubakaji hata mara moja. Shahidi aliyetambulishwa kwa herufi J alieleza, katika kujibu maswali kuhusu mambo mengine, kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanaume watatu. Majaji, ambao kati yao mwanamke alikuwa mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, wakalifuatilia jambo hilo, mashahidi wengine wakajitokeza, na Juni 1997 mashtaka yakarekebishwa. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na pia ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa kitendo cha mauaji hayo. Gharama yake ilikuwa kubwa. Mumewe Mukasarasi na binti yake walikuwa wameuawa Desemba 1996, wakati wanawake wa Taba wakijiandaa kutoa ushahidi, na yeye akaendelea na kazi ya kuwatia moyo wenzake.

Ushahidi huo ulidhihirisha pia dhuluma ambayo mazungumzo kuhusu tiba ya kiwewe hayana haki ya kuipita kimya. Uchunguzi uliofanywa na AVEGA kwa wanawake 1,125 waliobakwa ulionyesha kwamba takribani theluthi mbili yao walikuwa na virusi vya Ukimwi. Kwa miaka kadhaa watuhumiwa waliozuiliwa Arusha walipewa dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo, huku wanawake waliosafirishwa kwenda kutoa ushahidi dhidi yao wakirudi vijijini kufa bila ya dawa, mpaka pale jitihada za vyama vya manusura na misaada ya kimataifa iliyoanza mnamo 2003 na 2004 zilipofungua njia ya tiba ya bure. Miongoni mwa taasisi zilizofika wakati huo ni WE-ACTx, shirika lililoanzishwa na madaktari na wanaharakati wanawake kutoka Marekani kwa ombi la manusura wenyewe, ambalo kliniki yake ya Kigali iliunganisha dawa na ushauri nasaha. Ilikuwa katika mazingira ya kliniki hiyo ambapo mwaka 2007 mradi ulioitwa Project Air, ulioasisiwa na mwalimu wa yoga Deirdre Summerbell, ulianza kuwafundisha yoga wanawake manusura wenye virusi vya Ukimwi.

Yoga iliyoingia Kigali ilikuwa na safari ndefu nyuma yake. Aina hiyo ya mazoezi, iitwayo Ashtanga, ilitokana na mafunzo ya Tirumalai Krishnamacharya katika mji wa Mysore, kusini mwa India, ambako miaka ya 1930 alifundisha chini ya udhamini wa mfalme wa huko na wanafunzi wake wengi walikuwa wavulana. Mwanafunzi wake Pattabhi Jois alifungua taasisi yake mjini humo mwaka 1948 na kueneza mfululizo wa mikao inayofuatana kwa mpangilio maalumu, kila mkao ukiongozwa na kuvuta na kutoa pumzi. Mwanamke hakupokelewa huko kwa urahisi: Indra Devi, aliyekuwa mgeni nchini humo, alikubaliwa na Krishnamacharya mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 baada ya kukataliwa mwanzoni. Hakuna katika asili hiyo kilichotabiri kwamba mazoezi ya vijana wa kasri yangewafaa wajane wa Afrika ya Kati, na ndiyo maana ni muhimu kueleza yoga ilibadilishwa wapi na kwa sababu gani.

Badiliko moja mashuhuri lilifanywa karibu na Boston, Marekani, katika kituo cha kiwewe kilichoongozwa na daktari Bessel van der Kolk, ambako kuanzia mwaka 2003 mwalimu David Emerson alitengeneza yoga iliyopimwa kwa hali ya mtu aliyejeruhiwa nafsi. Hoja ya msingi ilikuwa kwamba kiwewe hukaa mwilini sawa na kinavyokaa katika kumbukumbu: misuli hubaki imekaza, pumzi hubaki fupi, usingizi hukatika, na mtu hufikia mahali pa kutohisi sehemu za mwili wake kwa sababu kuzihisi ni kurudi kwenye tukio. Mkao unaofanywa polepole pamoja na pumzi ndefu humpa mtu nafasi ya kuuhisi mwili wake kwa kiasi anachokichagua mwenyewe, akaacha pale anapotaka kuacha. Kwa hiyo mwalimu hualika badala ya kuamuru, hamgusi mwanafunzi ili kumrekebisha, na hamlazimishi kufumba macho wala kulala kwa namna inayoweza kumkumbusha alivyoshambuliwa. Jaribio la kituo hicho lililochapishwa mwaka 2014 liliwahusisha wanawake 64 ambao kiwewe chao cha muda mrefu hakikuwa kimepona kwa tiba nyingine. Baada ya wiki 10 za darasa la saa moja kila wiki, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa, ikilinganishwa na asilimia 21 ya wale waliopewa mafunzo ya afya ya wanawake. Matokeo hayo ni ya kutia moyo, lakini yalipatikana kwa wanawake wa mji wa Kimarekani waliokuwa wakiendelea na tiba nyingine, na haifai kuyahamishia kwa mama wa Rwanda bila ya kukumbuka kwamba yeye alihitaji kwanza dawa, chakula na usalama. Ubora wa kazi ya Kigali ulikuwa katika kuiweka yoga ndani ya kliniki, penye wanawake waliofahamiana na waliokwisha kuwa na daktari.

Uandishi ulifika kwa njia nyingine, na kwa haki unastahili nafasi kubwa zaidi katika historia hii, kwa kuwa wanawake wa Rwanda hawakungoja mtaalamu awafundishe. Ni kweli kwamba sayansi ya jambo hilo huanza kwa kawaida na James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1986, akiwa na Sandra Beall, alichapisha jaribio la wanafunzi 46 wa chuo walioandika kwa dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika habari za machungu yao pamoja na hisia zao walikuwa na huzuni zaidi mara baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Utafiti huo umezaa tafiti nyingi, na umuhimu wake haukanushiki. Hata hivyo, kijana aliyeandika chumbani peke yake na kukabidhi karatasi isiyo na jina hawezi kulinganishwa na mama anayeandika majina ya watoto waliouawa mbele ya watu wanaodai kwamba hawakuuawa.

Yolande Mukagasana alikuwa muuguzi mwenye zahanati yake katika mtaa wa Nyamirambo mjini Kigali. Mume na watoto wake watatu waliuawa. Alifika Ubelgiji akiwa mkimbizi, na mwaka 1997 alichapisha kwa Kifaransa kitabu chake cha kwanza, kikiwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya manusura kuhusu mauaji hayo, huku akiwalea yatima waliobaki. Mwaka 2001 alichapisha, pamoja na mpiga picha Alain Kazinierakis, mkusanyo wa maneno na picha za manusura na za watenda makosa, na kwa kazi hiyo alivuka kutoka katika kuandika msiba wake hadi katika kuwasikiliza wengine wakiueleza wao. Mujawayo naye alichapisha mwaka 2004, kwa kushirikiana na mwandishi wa habari Souâd Belhaddad, kitabu kilichotokana na mazungumzo yao, na mwaka 2008 Scholastique Mukasonga, aliyeishi Ufaransa na kupoteza ndugu 37, aliandika kitabu kizima kwa ajili ya mama yake Stefania, ambaye mwili wake haukupata mtu wa kuusitiri. Vitabu hivyo vilitimiza kazi ambayo ikiriyo na kwera vilishindwa kuitimiza mwaka 1994, yaani kutaja jina la marehemu mbele ya mashahidi na kumfanya ahesabiwe kuwa ameombolezwa na watu wake.

Hao walikuwa wanawake wenye elimu na wenye wachapishaji. Kazi ya kulifikisha daftari kwa mjane wa mtaani ilifanyika baadaye, hasa katika Kigali mwaka 2014, wakati wa maadhimisho ya miaka 20, pale Florence Prudhomme, Mfaransa aliyekuwa ameanzisha shirika la kuwasaidia manusura, alipoendesha karakana ya uandishi ambamo manusura waliandika kumbukumbu zao kwa Kinyarwanda katika madaftari, nazo zikatafsiriwa na kuchapishwa mjini Paris mwaka 2017. Lugha hapa haikuwa jambo dogo, kwani mtu huandika kwa uhuru zaidi katika lugha aliyoitumia kuwabembelezea wanawe. Katika mji wa Butare, Odile Gakire Katese aliyaunganisha maandishi na mwili kwa namna isiyotegemea mbinu ya kigeni: mwaka 2004 aliunda Ingoma Nshya, kundi la wanawake wapiga ngoma katika nchi ambamo ngoma hizo zilikuwa za wanaume, likiwajumuisha manusura pamoja na wanawake wa upande wa watenda makosa, na baadaye akakusanya barua ambazo wajane, yatima na hata waliohukumiwa kwa mauaji waliwaandikia marehemu. Barua kwa marehemu haihitaji ufasaha. Inahitaji ujasiri wa kukiri kwamba msomaji wake hatajibu. Hata hivyo uandishi una mpaka ulio wazi, kwa kuwa humwacha nje mama asiyejua kusoma na kuandika asipopata mtu anayemwamini wa kumwandikia, na kwa kuwa kumbukumbu iliyofunguliwa jioni bila ya mtu wa karibu inaweza kumrudisha mwenyewe katika ihahamuka usiku huohuo.

Hatari hiyo ilidhihirika wazi katika mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya kijiji yaliyofufuliwa kutoka katika jadi ya usuluhishi na kupewa mamlaka ya kuhukumu kesi za mauaji, ambayo yalienea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012 yakiwa yameshughulikia kesi karibu milioni mbili. Yalifichua mahali walipotupwa maelfu ya marehemu, na kwa hilo manusura wengi wanayashukuru. Lakini Karen Brounéus, mtafiti wa Uswidi aliyechapisha mwaka 2008 mahojiano na wanawake 16 waliotoa ushahidi humo, alionyesha kwamba kusimama mbele ya kijiji na kusimulia kuliwaletea wengi wao vitisho, upweke na kiwewe upya. Wazo la kwamba kusema huponya lilishindwa hapo kwa sababu msemaji hakuchagua wakati, hakuchagua wasikilizaji na hakuwa na pa kukimbilia baada ya kusema. Mkeka wa yoga na daftari vilifaa pale tu vilipomrudishia mama uchaguzi huo alionyang'anywa na washambuliaji wake, na chama cha wajane ndicho kilichoulinda uchaguzi huo.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 uligundua kwamba asilimia 27.9 ya manusura walikuwa bado na ugonjwa wa kiwewe, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya wananchi kwa jumla. Miaka 24 baada ya mauaji, zaidi ya mmoja kati ya kila manusura wanne alikuwa bado anaumwa, na hilo peke yake linatosha kumzuia mtu yeyote kudai kwamba tiba imekamilika au kwamba mbinu moja imeshinda. Yapo pia mambo ambayo pumzi na kalamu haviwezi kuyagusa. Mfuko wa serikali wa kuwasaidia manusura, ulioundwa mwaka 1998, ulilipa karo na matibabu kwa walionusurika mauaji, lakini sheria yake iliwahesabu manusura kwa kuzingatia kipindi kilichoishia tarehe 31 Desemba 1994, hivyo watoto waliozaliwa kwa ubakaji mwaka uliofuata hawakuwa manusura mbele ya sheria. Mama alitibiwa akiwa peke yake, na karo ya mtoto wake iliachiwa mashirika ya hisani. Yeyote anayepanga leo kuwasaidia akina mama wa namna hiyo, iwe Bukavu, mashariki mwa Kongo, au kwingineko, aanze na mtoto huyo kabla ya kutandika mkeka.